Uzio, pevingi na bustani: namna ya kukadiria gharama kwa kutumia vitabu vya bei

Pita mitaa mipya ya Goba, Kibaha au Kigamboni, utaona nyumba zilizokwisha kupakwa rangi zimesimama katikati ya kiwanja kitupu. Uzio umeishia kozi (mstari) ya tatu ya tofali, geti ni bati lililoegeshwa, na mvua ikinyesha ua mzima unageuka tope. Mara nyingi chanzo ni hesabu. Mwenye nyumba alichukua bei ya mita ya mraba iliyochapishwa mahali, akaizidisha kwa ukubwa wa nyumba, akaamini amemaliza. Bei ile hupimwa kwa sakafu ya jengo. Kwa kawaida haihesabu uzio, njia ya gari, mifereji, shimo la maji taka wala udongo wa bustani, na mara nyingi ada za wataalamu na VAT nazo zimewekwa pembeni.

Mwongozo huu ni wa kazi hizo za nje, kwa mtu anayejenga kwa fedha yake mwenyewe na fundi wake. Nashikilia jambo moja kuanzia mwanzo hadi mwisho: katika kitabu cha bei, yaani chapisho linaloorodhesha gharama za kazi za ujenzi, kitu kinachochakaa upesi kuliko vyote ni bei yenyewe. Kinachodumu ni muundo wake, yaani kazi imegawanywaje, kipimo kimoja kinakula vifaa kiasi gani, na nini kimehesabiwa ndani. Chukua muundo, kisha weka bei za mtaani kwako.

Hatua ya 1: Jua umeshika kitabu cha aina gani

Kuna machapisho yanayotoa bei ya jengo zima kwa mita ya mraba. Kenya, Taasisi ya Wakadiriaji Majenzi (IQSK) hutoa takwimu za namna hiyo kwa aina mbalimbali za majengo. Hizi zinafaa kabla hujachora hata mstari mmoja, unapotaka kujua kama ndoto na mfuko vinakaribiana.

Aina ya pili ni bei za kazi moja moja: mita ya mraba ya ukuta, mita ya ujazo ya zege, kilo ya nondo. Hapa ndipo penye faida kubwa kwa mjenzi wa kawaida. Uingereza wana desturi ya zamani ya vitabu hivi, vinatoka kila mwaka, na vipo vinavyoshughulikia kazi za nje na bustani peke yake.

Aina ya tatu si bei bali fahirisi, yaani namba inayoonyesha bei zimepanda kiasi gani kutoka wakati fulani. Tanzania, Baraza la Taifa la Ujenzi (NCC), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, hutoa fahirisi zinazotumika kurekebisha bei za mikataba. Kenya, shirika la takwimu KNBS hutoa fahirisi za gharama za ujenzi kila robo mwaka. Watu wengi huzipita kwa sababu hazina shilingi ndani yake. Utaona kazi yake katika hatua ya 7.

Hatua ya 2: Soma kurasa za mbele kabla ya majedwali

Kurasa hizi ndizo zinazorukwa, nazo ndizo zenye ukweli wote. Tafuta majibu ya maswali haya, uyaandike pembeni: Bei ni za mwezi na mwaka gani? Ni za mji gani? Kazi iliyofikiriwa ni kubwa kiasi gani? Faida ya mkandarasi na gharama zake za uendeshaji zimo? Gharama za saiti kama mlinzi, stoo, maji na umeme zimo? Kodi imo?

Ukubwa wa kazi una uzito kuliko watu wanavyodhani. Bei ya pevingi (tofali za zege za kutandaza uani) iliyotoka kwenye mradi wa maelfu ya mita za mraba haiwezi kuwa sawa na ya ua wako wa mita 60, kwa sababu kuleta mashine ya kushindilia saiti kunagharimu ileile, iwe ni kwa mita 60 au 6,000.

Kodi nayo isikupite. VAT ni asilimia 18 Tanzania Bara, 16 Kenya, na kiwango cha kawaida Uingereza ni 20. Ukitumia kitabu cha nchi nyingine, iondoe yao kwanza kama imo, ndipo uweke ya kwenu.

Hatua ya 3: Pima kwanza, bei baadaye

Tuchukue kiwanja cha mita 20 kwa 30. Mzunguko wake ni mita 100. Toa geti la mita 4 na mlango mdogo wa mita 1, unabaki na uzio wa mita 95. Tuseme una kimo cha mita 2 juu ya ardhi, tofali za inchi 6, na mtaro wa msingi wenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60. Chini ya mtaro kuna zege la sentimita 15, juu yake kozi mbili za tofali hadi usawa wa ardhi.

Kuchimba mtaro: 95 × 0.6 × 0.6 = mita za ujazo 34.2.
Zege la msingi: 95 × 0.6 × 0.15 = mita za ujazo 8.55.
Ukuta chini ya ardhi: 95 × 0.45 = mita za mraba 42.75.
Ukuta juu ya ardhi: 95 × 2 = mita za mraba 190.

Nguzo zikiwekwa kila baada ya mita 3 zinakuja kama 33. Kila nguzo ikiwa na nondo nne za milimita 12, kila moja mita 3 pamoja na kipande kinachoingia msingini, nguzo moja inakula mita 12. Huo ni urefu wa nondo moja ya dukani, kwa hiyo unahitaji nondo 33, bila ringi, yaani vyuma vyembamba vya kuzifunga pamoja. Kitabu kitakupa bei kwa kilo, duka litakuuzia kwa nondo. Daraja kati yao ni hili: zidisha kipenyo kwa kipenyo, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa mita. Milimita 12 inatoa kilo 0.89, hivyo nondo nzima ni karibu kilo 10.7. Kwa hesabu hiyohiyo unaweza kupima nondo kwenye mizani na kujua kama umeuziwa nyembamba.

Andika vipimo vyote kabla ya kugusa bei hata moja. Ukichanganya, jicho linaanza kupunguza vipimo ili jumla ipendeze.

Hatua ya 4: Fungua bei ya mita moja ya ukuta

Hapa pana kazi, na usiharakishe.

Tofali la inchi 6 lina urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9. Ukihesabu na udongo wa kati ya tofali, mita ya mraba inachukua kama tofali 9. Weka 10 ili kufidia zinazovunjika na zinazokatwa. Udongo wa kujengea ni kama mita za ujazo 0.02 kwa kila mita ya mraba. Ukichanganya saruji moja kwa mchanga sita, hiyo ni mfuko 0.11 wa saruji wa kilo 50, yaani mfuko mmoja kwa kama mita 9 za ukuta, na mchanga mita za ujazo 0.022.

Namba hizo hazibadiliki na bei ya dola wala msimu wa mvua. Sasa ingiza bei za mtaani. Zilizopo hapa ni za mfano tu, weka za kwako:

Tofali 10 kwa Sh 1,500 = Sh 15,000.
Saruji 0.11 kwa Sh 17,000 = Sh 1,870.
Mchanga 0.022 kwa Sh 40,000 = Sh 880.
Ujira wa kujenga tofali 10 kwa Sh 400 = Sh 4,000.
Jumla: Sh 21,750.

Hiyo ni gharama tupu, unapomlipa fundi mwenyewe na kununua vifaa mwenyewe. Mkandarasi akiongeza asilimia 15 ya uendeshaji na faida, inakuwa Sh 25,013. Ukiweka VAT ya asilimia 18 juu yake, inafika Sh 29,515. Ukuta ni uleule, tofali zilezile, lakini kati ya namba ya kwanza na ya mwisho kuna ongezeko la zaidi ya theluthi. Ndiyo sababu watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu bei ya mita ya ukuta na wote wakawa sahihi. Kila unapotoa bei kitabuni, iandikie pembeni kama ni tupu, ina faida, au ina kodi.

Zege nalo lina namba zake. Mchanganyo wa 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), unaofaa nguzo na mikanda, unakula kama mifuko 6.3 kwa mita ya ujazo, mchanga 0.44 na kokoto 0.88. Mchanganyo wa 1:3:6 unakula kama mifuko 4.4. Kama zege lako la msingi ni la 1:3:6, mita za ujazo 8.55 zinahitaji mifuko 38. Fundi akikuambia 60, muulize atachanganyaje. Huenda ana sababu nzuri, huenda hana.

Kwa ujira, kitabu cha nje kitakupa saa za kazi kwa kila kipimo. Usizichukue zilivyo. Vitabu vya Uingereza vimeandikwa mahali ambapo saa ya mtu ni ghali na mashine ni rahisi kupata, kwa hiyo kuchimba mtaro kunahesabiwa kwa kijiko kidogo cha mashine. Kwetu mtaro huo unachimbwa na vibarua wawili kwa sururu na chepe, na wanalipwa kwa mita. Badili mstari wa mashine uwe ujira wa vibarua. Mistari ya vifaa inaweza kubaki kama ilivyo, ilimradi ukubwa wa tofali ni wenu.

Hatua ya 5: Badili mita za ujazo ziwe tripu

Kitabu kinaongea mita za ujazo, muuza mchanga anaongea tripu. Tripu si kipimo mpaka umepima bodi la lori. Chukua futi kamba, pima urefu, upana na kimo cha mzigo ulivyo, zidisha. Fanya hivyo lori la kwanza linapoingia, mbele ya dereva, kwa adabu. Malori mawili yanayoitwa kwa jina moja huweza kutofautiana kwa mita nzima ya ujazo.

Kisha kuna kuvimba kwa udongo. Udongo uliochimbwa huongezeka kwa asilimia 20 hadi 30 hivi kwa sababu umelegea. Wanaokadiria kwa ujazo wa shimo hushangaa malori hayatoshi. Na kinyume chake ni kweli: moramu unayonunua ikiwa imelegea itapungua ikishindiliwa.

Turudi kwenye kiwanja chetu. Mtaro wa uzio ni mita za ujazo 34.2. Ukitoa zege 8.55 na ukuta wa chini 6.4, udongo unaorudi shimoni ni kama 19, na unaobaki ni kama 15. Ongeza sehemu ya pevingi: mita za mraba 60, kina cha sentimita 25, ni mita 15 nyingine. Una mita za ujazo 30 za kuondoa, ambazo zikivimba kwa robo zinafika 37.5. Kwa lori la mita 5, hizo ni tripu 8.

Sasa tazama bustani. Nyasi za mita za mraba 150 zikiwekewa udongo mzuri wa sentimita 10 zinahitaji mita za ujazo 15. Watu huwalipa watu wa malori wabebe udongo wa juu kama kifusi mwezi huu, kisha mwezi ujao wananunua udongo mweusi kwa bei ya juu. Kama sentimita 15 za juu za kiwanja chako ni udongo wenye rutuba, zikwangue kwanza na kuzilundika pembeni. Mtaroni utapata 8.55, chini ya pevingi utapata 9, jumla 17.55. Bustani imetosheka. Tripu za kutoa zinashuka kutoka 8 hadi kama 4, na zile kama 4 za kuleta udongo zinafutika kabisa. Hakuna kitabu cha bei kitakachokuambia hivi, kwa sababu kila mstari wake unasimama peke yake. Unaiona pale tu unapoweka vipimo vya uzio na vya bustani kwenye karatasi moja.

Hatua ya 6: Pevingi, halafu bustani

Pevingi za umbo la tofali, sentimita 20 kwa 10, zinaingia 50 kwa mita ya mraba. Kwa mita 60 ni 3,000, ongeza asilimia 5 za kukata na kuvunjika, 3,150. Unene wa milimita 60 unatosha gari dogo la nyumbani. Kama lori la maji au la maji taka litaingia, hesabu 80. Chini yake panga mchanga wa sentimita 4 na tabaka la moramu lililoshindiliwa la sentimita 15, ambalo ni mita za ujazo 9 likishashindiliwa na kama 12 likiwa kwenye lori.

Mstari unaosahaulika ni kingo za zege za pembeni. Hupimwa kwa mita ya urefu, kwa hiyo hazionekani katika bei ya mita ya mraba. Bila kingo, pevingi zinatawanyika baada ya misimu michache. Weka pia mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita ili maji yaende unakotaka, na uhesabu mfereji wa kuyapokea.

Bustani ndiyo sehemu ambayo bei zilizochapishwa hudanganya zaidi, bila kukusudia. Chukua mstari unaosema "kupanda nyasi, mita ya mraba". Vipandikizi vikipandwa kila baada ya sentimita 10, mita moja inakula 100. Vikipandwa kila baada ya sentimita 20, inakula 25. Ni mara nne ya miche na karibu mara nne ya ujira, chini ya maneno yaleyale. Muulize mtu wa bustani nafasi kabla hujamuuliza bei. Muulize pia aina: ukoka wa kienyeji, pemba, au nyasi za nyanda za juu ambazo zinapendeza Arusha na kuungua Dar es Salaam.

Kisha maji. Nyasi changa zikipewa milimita 5 kwa siku, hiyo ni lita 5 kwa kila mita ya mraba. Mita 150 ni lita 750 kila siku. Kwa siku 60 ni lita 45,000, yaani yuniti 45 za bomba, au maboza manne na nusu ya lita 10,000. Kama mtaani kwenu maji ni ya boza, gharama hii inaweza kuzidi ya nyasi zenyewe. Iandike kama mstari kamili, pamoja na posho ya atakayemwagilia. Ukiweza kupanda mvua za masika zinapoanza, sehemu kubwa ya mstari huo inafutika.

Hatua ya 7: Hamisha bei kwa tarehe na kwa mahali

Kwa kazi ambazo umeshindwa kuzifungua, pengine geti la chuma au taa za uzio, tumia bei ya kitabu lakini uihamishe. Gawanya fahirisi ya sasa kwa fahirisi ya mwezi wa kitabu, kisha zidisha bei. Kama ilikuwa 112 na sasa ni 126, unazidisha kwa 1.125, na bei ya Sh 800,000 inakuwa Sh 900,000. Tumia fahirisi ya kitu kinachofanana: ya chuma kwa geti, si ya ujenzi kwa ujumla.

Mahali ni pagumu zaidi. Saruji inatengenezwa Wazo Hill, Tanga, Mtwara na Songwe karibu na Mbeya, na kila kilomita kutoka hapo inalipiwa. Kokoto nyingi za Dar es Salaam zinatoka mbali kama Lugoba. Usitafute asilimia moja ya kuongeza kwenye kila kitu kwa sababu uko Kigoma au Songea. Uliza bei ya vitu vitano vinavyobeba kazi yako, yaani saruji, tofali, mchanga, kokoto na nondo, katika maduka matatu tofauti, na uandike tarehe.

Hatua ya 8: Jumlisha, kisha linganisha na watu

Ongeza dharura kati ya asilimia 5 na 10, iwe mstari wake, isifichwe ndani ya bei nyingine. Baada ya hapo wape mafundi watatu orodha yako ya vipimo bila bei, kila mmoja ajaze zake. Hapo mnalinganisha kitu kimoja. Mstari ambao mmoja ametofautiana na wenzake kwa robo au zaidi, kaa naye chini, umuulize amehesabu nini ndani. Aliye chini sana huenda amesahau plasta ya upande wa jirani. Aliye juu huenda amehesabu kusafisha na kubeba kifusi, jambo ambalo wengine watakudai mwishoni.

Na kama kiwanja chako kina mteremko, angalia ni wapi uzio utakuwa unazuia udongo badala ya kugawa mpaka tu. Pale ambapo udongo wa upande mmoja ni juu kuliko wa mwingine, achana na bei ya mita ya ukuta ya kitabu. Ukuta huo unahitaji unene, nondo, msingi na matundu ya kutolea maji ambavyo mstari ule haukuvifikiria. Toa mita hizo kwenye orodha, zipeleke kwa mhandisi achore, kisha mkadiriaji aliyesajiliwa, ambaye kwa Tanzania Bara utampata katika orodha ya bodi yao, AQRB, azipangie bei peke yake.